Mfereji Uliharibika, Haukuharibiwa

Nilirudi nyumbani na vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa Tawa, kwetu Ukambani, aliyenipa: diploma ya usimamizi wa majengo, niliyoisomea jioni baada ya zamu, na jicho la kuingia chumbani na kuona kila kasoro kabla sijaweka mkoba chini. Jicho hilo nililipata Ghuba, katika hoteli ambako nilianza kwa kusugua vyoo na nikaondoka nikiwa msimamizi wa orofa nzima. Sikubebwa na mtu. Jamaa zangu waliotabiri kwamba ningerudi na sanduku tupu siku hizi hunisalimia kwa mikono miwili.

Nilipofungua ofisi yangu ya kusimamia nyumba za kupangisha, Tawa hadi Kalamba, nilikuta watu wakigombana kwa njia ya kizamani. Mwenye nyumba anasema dirisha lilikuwa na kioo, mpangaji anaapa halikuwahi kuwa nacho, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na kioo. Mimi nikaleta programu ya simu. Mpangaji anapoingia tunapita naye chumba kwa chumba. Napiga picha mlango, kitasa, swichi, sinki, mfereji wa maji, na chini ya kila picha nachagua hali ya kitu. Mpangaji anaweka sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu. Siku ya kuhama tunapita tena, na picha mpya inakaa ubavuni mwa ile ya zamani. Hakuna wa kupiga kelele.

Walinicheka, bila shaka. "Anapiga nyumba picha kama bibi arusi," walisema sokoni. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya wenye ploti za kupangisha, hata ng'ambo ya mpaka wa kaunti kule Kanyangi, kuanza kumuuliza mpangaji mpya: ripoti yako ya ulikotoka iko wapi? Ripoti hiyo ilikuwa yangu. Nilijivuna, na sioni kwa nini nisijivune.

Kitu kimoja tu katika programu ile kiliniudhi tangu mwanzo. Vitufe vya hali ya kitu vilikuwa vitatu: Nzuri, Imechakaa, Imeharibiwa. Hakukuwa na Imeharibika. Niliwapigia simu walioitengeneza, vijana wa Nairobi.

"Si ni kitu kimoja tu, madam?" akaniambia aliyepokea.

"Si kitu kimoja. Imeharibiwa ina mtu ndani yake. Imeharibika haina mtu."

"Lakini kwa Kiingereza ni neno moja."

"Basi Kiingereza kipangishe nyumba zake. Mimi napangisha za watu wa huku."

Akacheka, akasema atalipeleka kwa wenzake. Hakulipeleka popote. Hata Kikamba chetu, ambacho vijana kama hao hukiona lugha ya shambani, kinatofautisha kilichovunjika na kilichovunjwa. Ukiyachanganya maneno hayo mbele ya mama yangu atakuuliza, "Nani?" na ni lazima umtaje mtu.

Balaa yenyewe ilitokea katika ploti ya mzee mmoja wa kanisa letu, nyuma ya soko. Alikuwa mteja wangu wa kwanza na alipenda kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenifungulia njia, ingawa njia niliifungua mwenyewe. Alikuwa amechimba kisima, na maji yake yalikuwa ya chumvi, kama maji mengi ya huku. Ukichemsha chai, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Vyumba vyote vya ploti vilitumia maji hayo.

Katika chumba kimojawapo iliishi familia iliyotoka upande wa Garissa. Baba aliuza mbuzi, mama aliuza leso na mashuka kwenye kibanda kilichotazamana na ofisi yangu. Walikuwa wapangaji ambao mtu kama mimi huomba apate. Baba alipohamishia biashara upande wa Kanyangi, mama alipata nyumba kule, na mwenye nyumba akamwambia waziwazi kwamba hampokei mtu asiye na ripoti safi. Watoto walikuwa wamekwisha kutolewa shule. Akienda na ripoti yenye doa, atalala wapi?

Siku ya kukagua, mzee alikuja mwenyewe na fimbo yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mpangaji mwingine. Tulipita kuta: nzuri. Mlango: nzuri. Sakafu ile ungeweza kuandalia ugali juu yake. Tukafika kwenye sinki. Mfereji, uliokuwa unang'aa katika picha ya kuingia, ulikuwa umeliwa shingoni, una ukurutu wa kijani na mweupe, na maji yalikuwa yakichuruzika ubavuni hata ukiufunga.

"Hapo sasa," mzee akasema. "Bonyeza kitufe cha tatu."

"Mzee, hii ni chumvi."

"Chumvi gani? Hawa wananawa mara tano kwa siku, mchana na usiku. Mfereji gani utavumilia?" Akamgeukia yule mama na kucheka kana kwamba ni utani wa majirani. "Si ni kweli, mama? Nyinyi na maji!"

Mama hakucheka. Aliniangalia mimi. "Abaayo," akaniambia, yaani dada yangu, "mimi nilikuambia huo mfereji unalia. Nilikuambia mara nyingi. Wewe ulimwambia yeye."

Ilikuwa kweli. Nilimwambia mzee, na mzee alinijibu kwamba mfereji si mtoto, uache ulie.

Sasa, mtu ataniuliza kwa nini sikubonyeza Imechakaa nikaondoka zangu. Kwa sababu kilichochakaa bado kinafanya kazi, na ule haukufanya. Mimi siandiki uongo hata ule mdogo wa kupatanisha watu. Ripoti yangu ina jina langu, na jina hilo nililisugua kwa mikono hii.

Hotelini tulikuwa na desturi: kabla hujasema mgeni ameharibu, fungua chumba ambacho hakikulala mgeni. Nikamwomba mzee ufunguo wa chumba cha mwisho, kile alichokuwa amemwekea mwanawe anayefanya kazi Mombasa. Hakijawahi kukaliwa na mtu tangu ploti ijengwe.

"Cha nini, mwiitu?" akaniuliza. Mwiitu ni msichana. Mimi nina nywele nyeupe na diploma.

"Cha kulinganisha, mzee."

Alifungua kwa shingo upande. Ndani kulikuwa na vumbi, kitanda kisicho na godoro, na juu ya sinki mfereji wa aina ileile, wenye ukurutu uleule, umeliwa shingo palepale. Ulikuwa unadondosha polepole, na chini yake sinki lilikuwa na mstari mweupe kama wa chaki.

Nilimsogelea mzee nikamuuliza kwa adabu zote, "Na huu, mzee, umekuwaje?"

"Huo umeharibika wenyewe."

"Na ule wa chumba cha mama?"

"Ule umeharibiwa."

Alilisema bila kusita, kama mtu anayetaja rangi ya mbuzi. Maji ni yale, chuma ni kile, fundi ni yule yule, siku ya kufungwa ni ile ile. Kilichobadilisha neno ni nani alikuwa akisimama mbele ya sinki. Kwa mwanawe mfereji ulijifia wenyewe. Kwa mama wa Garissa uliuawa.

"Mzee," nikasema, "umesikia ulichosema?"

"Nimesema ukweli. Nyumba ni yangu."

"Nyumba ni yako. Ripoti ni yangu."

"Wewe nilikuokota ukiwa na simu tu!"

"Hukuniokota. Ulinikuta nimesimama."

Nilipiga picha mfereji wa chumba kitupu. Niliziweka picha mbili pamoja, kisha, kwa kuwa programu ilininyima neno langu, nikaacha vitufe vyote vitatu na kuandika katika nafasi ya maelezo: Mfereji umeharibika kwa maji ya chumvi ya kisima cha ploti. Wa chumba ambacho hakijakaliwa umeharibika vivyo hivyo. Mpangaji hakuharibu kitu. Nikampa mama simu aweke kidole. Alipomaliza alikipangusa kidole kwa leso kana kwamba kioo kilikuwa cha moto. Nikaituma ripoti Kanyangi nikiwa bado nimesimama pale.

Jioni hiyo mzee alichukua funguo zake zote. Alisema atampa mtu mwenye heshima, akampa mpwa wake. Nilimrudishia zikiwa na vibandiko vya namba nilivyovibandika mwenyewe. Asivibandue, maana mpwa hajui mlango wa mbele na wa nyuma.

Mama alipokewa kule. Alinitumia picha siku ya kuingia: mfereji, karibu kabisa, na ujumbe wa sauti akisema, "Abaayo, hapa pia maji ni ya chumvi. Nimemwambia mwenye nyumba apige picha kwanza, na kila mwezi apige tena." Hata wale vijana wa Nairobi hawajafikiria hilo.

Nami nilidhani hasira yangu imepoa, mpaka Jumapili moja baada ya ibada. Mzee alikuwa amesimama uwanjani na wenzake, akiwaeleza kwamba amebadilisha mifereji yote ya ploti kuwa ya plastiki. Yote, na ule wa mwanawe pia.

"Imenibidi," alikuwa akisema. "Ile ya chuma ilikuwa inaharibiwa tu na wapangaji."

Nilikuwa napita na Biblia yangu kwapani. Sikupunguza mwendo, lakini sauti niliipandisha hadi walio mlangoni waisikie.

"Inaharibika, mzee. Ilikuwa inaharibika."