Ulimi wa Mama Chaza

Ufukwe mzima ulimwita Mama Chaza, na jina lilimkaa. Alifuga chaza kwenye vikapu vya wavu vilivyoning'inia kwenye nguzo mdomoni mwa hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, kazi aliyoachiwa na mama yake pamoja na sharti moja: hauzi gunia mpaka amekula chaza mmoja mwenyewe, mbichi, pale pale majini. Akikunja uso, gunia linarudi. Akimeza, wateja wanapimiwa. Ulimi ule ulikuwa haujamwangusha, na alihakikisha hakuna asiyejua hivyo.

Basi mwaka mmoja maji ya hori yakageuka rangi ya kutu. Bwana samaki, afisa wa uvuvi, akaja na pikipiki yake, akapita kibanda kwa kibanda akieleza. Ni vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, alisema, vimezaana kupita kiasi, na vina sumu. Chaza anakula kwa kuchuja maji, kwa hiyo sumu inabaki ndani yake, na moto hauitoi. Wakubwa wasivunwe. Wachanga huenda wakafa kabisa, wasiposhushwa kwenye maji ya chini, maana balaa lenyewe lilikuwa limetanda juu.

Mama Chaza aliguna. Wachanga wake, wadogo kama kucha ya mtoto, ndio waliokuwa mavuno ya mwaka unaofuata. Wakifa, nguzo zile zingebaki za kutua ndege. Na mama yake alimfundisha kuwaning'iniza juu. Leo awazamishe kwa neno la mtu anayeogopa kulowesha viatu?

Kesho yake wateja walisimama mchangani na ndoo zao. Akapasua chaza. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amemshikia gunia.

"Wifi, sumu haina chumvi wala sukari. Utaionjaje?"

"Ulimi huu ulikuwa kazini kabla kaka yako hajanioa."

"Na kaka yangu ulimwonja ukamwona mtamu. Tangu hapo nimeacha kuuamini."

Mama Chaza akacheka, akameza. Mtamu kama siku zote. Wakaendelea kujaza gunia mpaka likafura. Alipouma kamba ili akaze fundo, hakuihisi. Akauma tena. Midomo ilikuwa imekufa ganzi kama ya kuazima, na ncha za vidole zikaanza kumchonyota.

Angeweza kunyamaza. Watu wanangoja, na aibu ni nzito kuliko gunia. Lakini mle guniani mlikuwa na chakula cha watoto wa watu.

"Rudini nyumbani," aliwaambia, maneno yakimtoka mazito. "Wana sumu. Ulimi wangu haukuijua."

Akalifungua gunia, akawarudisha chaza majini kwa mikono yake. Wifi akamkokota hadi zahanati, wakamlaza na kumchunga pumzi mpaka jua likapoa. Njia nzima wifi hakumtania hata neno, na hapo ndipo Mama Chaza alipojua ameponea chupuchupu.

Aliambiwa apumzike. Kulipokucha alikuwa majini hadi kifuani, anafunga mawe kwenye vikapu vya wachanga na kurefusha kamba. Wifi alishika upande wa pili huku akinung'unika kwamba kichwa cha mtu huyu kingefaa kuwa jiwe la kikapu. Jirani mmoja akapita na mtumbwi, akauliza kama wanazika.

"Tunawalaza," alisema Mama Chaza. "Wakiamka utakuja kununua, nawe utapanga foleni."

Maji yalikaa mekundu muda mrefu. Samaki walielea, vibanda vikafungwa. Yeye alishuka kila siku kukagua kamba. Hatimaye yalipotakata, wakavuta vikapu. Vingine vilinuka, chaza wake ganda wazi. Akavimwaga bila kuvitazama mara mbili. Vingi vilitoka vizito. Akamgusa chaza mchanga mmoja kwa kidole, naye akafumba ganda kwa nguvu.

"Mbishi," wifi akasema. "Wako huyu."

Hakumpasua hata mmoja. Wakubwa kadhaa aliwakabidhi bwana samaki wakapimwe, na jibu lilipokuja kwamba wako safi, ndipo alipoingia majini na kisu chake, wateja wakimtazama, akaonja wa kwanza. Sharti la mama yake halikuvunjika. Lilipata tu kipimo cha kulitangulia.