Moto wa Wageni

Kiwanda cha sabuni alimofanya kazi Kavugho, huko Butembo, kilisimama tangu vita vilipoifunga barabara iliyoleta mawese, mafuta ya kupikia sabuni. Sokoni kulijaa sabuni ya Uganda, kwa bei ambayo Zacharie, mwenye kiwanda, hakuiweza. Ndipo ikaja habari kwamba serikali inatuma wajumbe kutazama viwanda vilivyozimika, ili visamehewe ushuru na kupewa mkopo. Zacharie akawaita wafanyakazi wake wote waje kufagia.

Walifagia, wakang'oa nyasi uani. Lakini Kavugho, mkubwa wa wapishi wa sabuni, alipotazama jiko lililopoa aliona haya. Kwao mgeni hapokelewi penye majivu baridi. Na mtu anayekutwa amekaa bure, nani atamsaidia?

"Tuwashe," akasema.

"Na mafuta ya wapi, mama?" akacheka Kasonia, mpakiaji. "Tutapika maji?"

"Kila mutu alete kidumu ya kwake. Hata ile ya kupikia sombe."

"Bibi yangu atanifukuza!"

"Utakuya kulala hapa, kuko moto."

Zacharie mwenyewe alileta soda kali ya kupikia sabuni, na kuni. Siku ya wageni moshi ulipanda juu ya mtaa, na watu wakatoka kuutazama kama watu wanaomwona ndugu aliyetoka hospitali.

Mkuu wa wajumbe alichungulia ndani ya sufuria kubwa, akanusa, akafurahi.

"Batu ya Butembo! Kule Beni tumekuta mulango imefungwa na kadenasi, na nyasi mpaka ndani. Lakini hapa muko munatumika kazi. Félicitations, hongera!" Akamgeukia mwenzake. "Hii inatembea, haina lazima ya musaada. Twende ku ingine."

Kavugho aliacha sufuria. Akawafuata mpaka langoni, mwiko ungali mkononi.

"Papa chef, mukubwa wetu, ngojeni. Ile moto ni ya leo tu. Mafuta tulitoa mu nyumba zetu. Kesho hatuna kitu."

Mjumbe alimtazama Zacharie. Langoni walikuwa wamesimama wafanyabiashara wenzake, na wazee wa kanisa lake pia. Zacharie akacheka.

"Huyu mama anapenda kuchekesha batu. Sisi tunatumika, chef."

Gari likaondoka.

"Patron, juu ya nini ulisema vile?" akauliza Kavugho.

"Ulitaka niseme mbele ya bale bote kama biashara yangu imekufa?"

"Ndiyo. Balikuya kusaidia viwanda yenye kufa."

Kutoka ndani Kasonia alipiga kelele kwamba sabuni inashika, na Kavugho akarudi kuikoroga, maana sabuni haimngojei mtu mwenye huzuni. Waliimwaga katika kalibu za mbao, na ilipokauka wakagawana.

Msamaha wa ushuru na mkopo vilikwenda Beni, kwa kile kiwanda chenye nyasi ndani. Miezi ikapita, kikaanza kutafuta wapishi. Kavugho aliwaacha watoto wake kwa dada yake Jemima, akafunga nguo zake. Zacharie alikuja kumuaga kwenye maegesho ya magari ya Beni. Alisimama kando ya gari, hajui mikono aiweke wapi.

"Bakikuuliza ulijifunza wapi kazi," akasema, "utabaambia ni kwetu?"

"Nitabaambia, patron."

"Na kiwanda yetu, utabaambia nini?"

"Nitabaambia imesimama," akajibu Kavugho, akapanda.