Twende, Mayu

Watu wa kwetu husema mimi niliongea na ng'ombe. Upuuzi mtupu. Hakuna ng'ombe aliyewahi kuniambia neno, na mimi sikuwahi kumwambia ng'ombe jambo la maana. Nilikuwa na sauti tu, na sauti hiyo ikawafaa watu wengine.

Tulihamia upande wa Geita tukitokea Shinyanga, kwa sababu kule malisho yalikwisha na serikali ilikuwa inatushurutisha tupunguze mifugo. Baba aliapa hapunguzi hata mkia. Njiani ng'ombe mmoja akazaa akafa, na baba akasema ndama aachwe, fisi nao wana watoto. Nilikuwa msichana mdogo lakini mbishi kuliko kupe. Nikamfunga ndama mgongoni kama mtoto, nikatembea naye mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilimlea kwa maziwa ya kuombaomba, nikimpa kidole anyonye na kumwita mayu. Kwa Kisukuma mayu ni mama, lakini mtoto wa kike naye huitwa hivyo anapobembelezwa. Mimi mwenyewe niliitwa mayu mara chache sana, shangazi yangu anapokuwa na shida yake.

Akakua, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kidevuni, na kiziwi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Kaka yangu akimwita, anageukia upande wa pili na kuendelea kucheua. Nikisema "Njoo, mayu," anakuja mbio mpaka ananikanyaga. Nilimpenda kuliko kaka, wala sioni haya kulisema. Kaka alikuwa mvivu, na kazi pekee aliyoipenda ilikuwa kuchapa.

Basi kaka akapata mchumba. Baba akachagua ng'ombe wa mahari na mtamba wangu akawa wa kwanza, maana alikuwa ameshika mimba na wakwe walimtamani. Nililia nikagaagaa chini. "Ala! Unamlilia ng'ombe kana kwamba nimekufa mimi?" baba akafoka.

Siku ya kupeleka mahari mtamba akagoma langoni. Wakampiga fimbo, wakamsokota mkia mpaka ukalia kama ukuni mkavu, akalala chini tu. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyefumbua fumbo. "Mnahangaika nini? Si mnaye mwenye sauti yake? Atangulie yeye."

Nikakataa. Baba akanivuta pembeni, akaongea polepole kama mtu mwema. "Mpeleke tu. Akizaa kule, ndama wake nitakurudishia. Ahadi ni deni." Nikamwamini, mjinga mimi. Nikatangulia njia nzima nikisema njoo mayu, njoo mayu, naye akanifuata akiburuta mkia uliovunjika, mpaka ndani ya zizi la wakwe. Walipofunga lango niliondoka bila kugeuka, maana ningegeuka angeruka ua.

Kule akazaa ndama jike, akakataa kukamuliwa. Maziwa yalikuwa yamezoea kushuka anaponisikia mimi, na mimi sikuwepo. Akawapiga mateke, akalia kutwa kucha. Wakwe wakatuma mtu kuomba niende. Baba akasema binti yake hawezi kwenda kulala kwa watu kwa ajili ya kiwele cha ng'ombe. Wakamchinja, wakambakiza ndama.

Wakatuletea paja, heshima ya ukwe. Nilikula. Nilikula nikalamba vidole, kwa sababu nyama hatukuiona mara kwa mara. Kaka akaniacha nimalize, ndipo akauliza, "Vipi, mayu ni mtamu?" Akacheka mpaka akapaliwa. Nikatapika nyuma ya ghala, na shangazi akanigombeza kwa kupoteza nyama ya watu.

Nilimchukia kila mtu katika ua ule. Bado nawachukia, na wengi wamekwisha kufa.

Habari zikazagaa kwamba yuko msichana ambaye ng'ombe wake alikataa kuishi bila yeye. Watu wakaanza kuja. Huyu dume lake limegoma kuvuka mto, yule ng'ombe wake ameacha kula. Wakitaka kujua mnyama anasemaje. "Anasema unanuka," nilimjibu mzee mmoja, na yule mzee akaenda kuoga kweli! Ng'ombe akala, na jina langu likakua.

Mwisho akaja mwenye bucha, rika la baba, aliyekuwa akiwauzia nyama wachimbaji wa mgodini. Ng'ombe wake walikuwa wakinusa damu wanakata kamba na kujeruhi watu. Akaniomba kwa baba nikamtulizie ng'ombe, na tangu hapo kwetu nyama haikukosekana. Mimi nikasema siendi.

"Ndama wako unamtaka au humtaka?" baba akauliza. "Anakua kule. Nitakurudishia nikiona una adabu."

Nikaenda. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nasimama upande wa pili wa gogo la kuchinjia, nasema "Njoo, mayu." Ng'ombe anaacha kutetemeka. Anakuja, anaweka pua kwenye kiganja changu, ananipulizia pumzi ya moto, na mwenye bucha anamaliza. Wengine walikuwa wakinitazama mimi, si kisu. Nikirudi nyumbani namuuliza baba, ndama wangu yuko wapi? Ananiambia subiri. Nikasubiri mpaka nikaota matiti.

Mwenye bucha alikuwa na wake wawili na akili nyingi. Akapiga hesabu kwamba msichana wa kuazima hugharimu kila mara, lakini mke ni mke. Akaleta posa. Hakuna aliyeniuliza.

Ng'ombe wa mahari wakaletwa asubuhi, nami nimekwisha kupakwa mafuta, shangazi kanishika. Katikati yao nikamwona mtamba mwekundu, baka jeupe kidevuni. Mwenye bucha alikuwa amemnunua kwa wakwe zetu. Nikataka kukimbia nimkumbatie. Baba alikuwa anang'aa kama chungu kipya.

"Si nilikuahidi? Haya, huyo amerudi! Baba yako hasemi uongo."

Amerudi zizini kwa baba, na mimi ndiye ninayetoka.

Mtamba akagoma langoni, kama mama yake. Zikatoka fimbo. Kaka akaushika mkia. "We! Sema naye!" baba akanipigia kelele. Nikasema. Nikasema kwa nguvu zangu zote, "Rudi! Kimbia, mayu, usiingie humu, hawa watakuua!" Wote walisikia, wakacheka. Lakini ng'ombe hajui maneno. Alisikia sauti, na sauti yangu haikujua kuwa kali inapotaja mayu. Akanyoosha masikio, akapita langoni, akaja kuweka pua kwenye kiganja changu. Wakafunga lango.

Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akanishika mkono, taratibu, kama hajawahi kunigombeza maishani.

"Twende, mayu," akasema. "Njoo. Njoo, mayu."

Nikamfuata.