Kibuyu cha Nafuna Langoni

Popote alipokaribishwa uji, hata matangani, Nafuna alichovya kwanza kidole cha mwisho, akakilamba, akafumba macho. Waliomjua walinyamaza kungoja hukumu. Wasiomjua walidhani adabu imemshinda.

Kisa chake kilikuwa ulezi. Huko kilimani juu ya Mbale, kila mavuno aliotesha punje za kila suke peke yake, akasaga kimea, akakitia katika uji wa moto na kuonja upi umelegea na kukolea utamu upesi. Suke lililoshinda lilitoa mbegu ya msimu uliofuata, mengine yaliliwa. Mama mkwe wake alifanya vivyo hivyo. Mwaka wa tohara ulipofika, vijana wa ukoo walimwagia maji kimea hicho kwa mikono yao wenyewe kuanzisha pombe yao. Jirani aliyeomba mbegu alipewa kibuyu kimejaa, na baada ya mavuno alikirudisha kimejaa. Hakuna aliyekumbushwa.

Mwaka 1995 Racheal, binti wa kaka yake, mtaalamu wa maabara katika kituo cha utafiti kule Jinja, alimletea mkuu wake, Daktari Mugweri. Daktari aliomba mbegu kwa mikono miwili. Nafuna alimjazia.

Racheal aliyaona yaliyofuata. Kampuni ya ng'ambo iliyofadhili kituo ilitafuta ndani ya kimea kile kimeng'enya chake, kile kinachokata wanga ukawa sukari. Wakanakili maagizo ya kukiunda, nakala maelfu, kila moja na kosa lake la makusudi, wakawapa bakteria waunde vimeng'enya kwazo. Wakavichemsha. Vile vichache vilivyostahimili moto wakavichagua, wakayakosea tena maagizo yake, wakachagua tena. Racheal alipoelezwa alicheka, maana alimwona shangazi yake na visufuria vyake. Kicheko hicho kilimkaa vibaya baadaye.

Mwishoni mwa 1997 mvua za El Nino ziliporomosha kilima. Ghala la Nafuna lilikwenda, na ya majirani pia. Mjukuu wake Griffin alikuwa wa kutahiriwa Agosti. Mbegu ilipaswa kuwa ardhini kabla ya Machi kwisha. Nafuna hakuhangaika. Mbegu yake ilikuwa Jinja.

Alilala kwa Racheal, mtaani Mafubira, asubuhi wakafuatana hadi lango la kituo, yeye na kibuyu kitupu. Mlinzi alikuwa Makokha, Mbukusu kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Mama, unamtaka nani?"

"Aliyekopa mbegu yangu."

"Alikopa lini?"

"Griffin wangu alikuwa bado anachunga mbuzi."

"Na hajarudisha? Kwetu mtu kama huyo hatumpi hata mke!"

Daktari Mugweri alitoka akitabasamu, mkononi ana kopo la unga mweupe wa kile kimeng'enya. "Mama, hii ni bora kuliko mbegu."

Nafuna alitia chembe ya unga katika uji wa moto aliokuwa akinywa Makokha, bila kumwuliza mwenyewe. Uji ukalegea kama maji. Akachovya kidole, akafumba macho.

"Imeshinda yangu," alisema. Uso wa Daktari ukachanua. "Sasa nionyeshe inavyopandwa."

"Haipandwi, mama. Inatengenezwa kiwandani."

"Mimi nimefuata ng'ombe, wewe unanionjesha maziwa?"

"Mbegu zote zilipelekwa ng'ambo. Ni mali ya kampuni sasa."

"Nani aliwauzia?"

"Hakuna aliyeuza. Ninyi wenyewe mlitoa."

Racheal alisikia uso ukimwaka. Katika ukumbi wa kituo lilining'inia bango alilolipita kila siku: shukrani kwa wakulima wa Mbale kwa zawadi yao. Zawadi!

"Daktari, uliomba kwa mikono miwili. Nilikuwapo."

"Racheal, rudi kazini."

Nafuna alikitundika kibuyu kwenye msumari wa kibanda cha Makokha. "Kikae hapa. Siku mkileta, msiseme hamkuwa na cha kutilia."

Machi ikapita. Racheal aliuliza, akaambiwa asubiri. Akauliza tena, akaambiwa anachafua jina la kituo. Agosti Griffin alimwagia maji kimea cha sokoni. Alisimama imara kisuni, watu wakanywa na kusifu. Nafuna alichovya kidole, akakilamba, macho wazi.

Mwezi wa Novemba aliugua. Racheal alimkuta amelala ubavu katika mwanga wa mlangoni, amekonda, ulimi bado mzima.

"Lile bango lipo bado?"

"Lipo, shangazi."

"Bado linasema niliwapa?"

"Linasema hivyo hivyo."

Nafuna alisonya. "Ukirudi kazini uling'oe. Mimi sikuwapa. Na Makokha mwambie asikinywee maji kibuyu changu, kisije kikashika unyevu."