Video za Rejareja

Mimi sipendi kuonewa, na siku ile niliona tunaonewa kweupe. Video za vitenge vya bosi wangu, Mama Salha wa Kariakoo, zilikuwa zinakwamakwama kwenye simu za wateja. Nikamwita fundi wa intaneti, nikamfokea duka zima likisikia: “Mnatuuzia konokono!”

Fundi akapima. Intaneti iko poa. Akaomba kuona programu ya kurushia video niliyoiandika mwenyewe. Pale nilipoiambia seva, ile kompyuta ya dukani inayowatumia wateja video, isome kiasi gani kila mara, nilikuwa nimeandika 64, nikijua ni kilobaiti. Kumbe ni baiti, vipunje tu! Video nzima ilikuwa inachotwa kwa kijiko cha chai.

Fundi akamfafanulia Mama Salha taratibu. Mama akanigeukia.

“Yaani duka langu la jumla, wewe umeniwekea rejareja?”