Majina Niliyoyafuata Ilula

Kazi yangu ni kuigiza watu wabaya. Kwenye tamthilia tunayorekodia Mbeya mimi ndiye mama mkwe mwenye roho mbaya, na nimeiva kiasi kwamba wauza matunda wa pale Iyunga hunisonya kwanza ndipo waniuzie. Sijali. Msanii akichukiwa hivyo ajue kazi kaifanya.

Kilichowashinda wenzangu ni mimi kubatizwa nikawa Mmormoni. Hanywi bia, sawa, walokole wamewazoea. Lakini hata chai? Na Jumapili harekodi? Mwongozaji wetu alinitania miezi na miezi, akinimiminia maji ya moto matupu mbele ya watu na kuniuliza kama nayo ni dhambi. Nilimjibu ninavyojua kujibu, maana ubatizo haukuniondolea mdomo. Ila nilikuwa na furaha. Tuko wachache, tunasali kwenye nyumba ya kupanga, na pale hakuna anayetaka kupiga picha na mimi. Nimepewa kazi ya kufundisha watoto nyimbo, na zamu yangu ikifika nafagia.

Shida ilianzia Ilula, kwa mama. Sisi hubatizwa kwa niaba ya ndugu zetu waliokufa. Unakwenda hekaluni na jina la bibi yako, unaingia majini kwa ajili yake, naye huko aliko ana hiari ya kupokea au kukataa. Kwa hiyo unahitaji majina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alipofia. Baba alishafariki, na mtu pekee aliyeyajua hayo yote alikuwa mama. Nikabeba fomu zangu, nikawasha gari, nikaenda.

Hebu fikiria sasa. Msanii kapata umaarufu, kanunua gari, kanisani kwao haonekani tena, chai ya mama yake haigusi, halafu anakuja na kalamu kuuliza majina kamili ya marehemu wa ukoo. Na wiki hiyohiyo, kwenye tamthilia, nilikuwa nimemtoa kafara mkwe wangu ili biashara zinyooke. Jamani, hata mimi ningejikimbia.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliitisha kikao cha familia. Aliongea kwa upole, kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Alisema kila mtu anajua wasanii wanakotoa mali, na kwamba Mormoni au Freemason ni mlango mmoja.

"Leo anataka wafu," akasema. "Kesho atataka wazima."

Nikawaka. Nilimwambia kama ningekuwa nauza watu ningeanza na yeye. Watu wakaguna. Lilinitoka vibaya, najua, na sauti ilikuwa ileile ya kwenye runinga.

 Tangu siku hiyo sukari na mafuta niliyompelekea mama hakuvigusa. Kila nilipokwenda nilivikuta juu ya kabati, kwenye mifuko ileile. Salamu yangu aliitikia, chakula alinipikia, lakini cha mkono wangu hakula. Anayejua maana ya jambo hilo kwetu ataelewa kwa nini siku moja nilirudi Mbeya nikilia kutoka Mafinga hadi Makambako. Habari za fomu ziliniisha hamu. Nilitaka mama yangu asiniogope, basi.

Nikaendelea kwenda, mikono mitupu. Asubuhi nilimsaidia kupanga nyanya zake za kuuza kwenye matenga kando ya barabara, kabla mabasi hayajaanza kusimama, tukiongea habari za mvua na za majirani. Ilipita karibu mwaka. Siku moja akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama zile karatasi bado ninazo. Nikasema ziko garini. Akasema nizilete.

Alinitajia bibi yake, mama yake, na dada zake wawili. Alikiri kwamba aliniogopa, tena sana, lakini amenichunguza mwaka mzima na ameona mchawi hawezi kuwa mzembe wa kuchagua nyanya namna hii. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alishika nyanya moja akaifuta kwa kanga, akaifuta tena, kisha akasema yuko mwingine.

Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume. Aliishi siku kumi na moja. Padre alikuwa akifika kigangoni kwao mara moja kwa mwezi, na mtoto hakuweza kumsubiri. Kwa kuwa hakuwa amebatizwa, wazee walimzika pembeni mwa shamba bila sala, wakamwambia mama asimtaje tena. Hakumtaja. Lakini hakuna siku iliyopita bila kujiuliza yuko wapi.

"Huyu naye mbatizeni," akasema. "Huyu ndiye ninayemtaka."

Niliweka kalamu chini. Nikamweleza tunavyofundishwa: mtoto mdogo akifa hahitaji kubatizwa. Hana kosa la kuoshwa. Yuko kwa Mungu tangu siku ileile aliyofariki.

Nilidhani atafurahi. Alinikazia macho kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Ulikuja kuniuliza tarehe za wafu," akasema. "Hilo ndilo ungeanza nalo."

Kisha akalia, nyanya ikiwa bado mkononi. Niliona aibu. Nilikuwa nimekuja na fomu nyingi kiasi kile, na sikuwahi kumuuliza amezaa wangapi.

Alipotulia akaniambia niliandike jina la yule mtoto hivyohivyo, hata kama halihitaji kitu, liwe tu limeandikwa mahali. Akanitajia. Fomu ina nafasi ya watoto wa mama, kwa kufuatana walivyozaliwa, na pale nilikuwa nimeshajiandika wa kwanza, maana maisha yangu yote nimejiita kifungua mimba wa nyumba ile. Nikalikata jina langu, nikaandika la kaka yangu, nikajiandika upya mstari wa pili.