Nyasi za Mama Oresta

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Shamba wa Kata, mtu wa Mbeya, aliniuliza kama naogopa ng'ombe. Nikasema hapana.

"Utawaogopa tu," akasema. "Wanakuja wengi."

Mimi ni wa darasa la saba, nilikuwa msaidizi wake tu, kwa hiyo huenda mengine sikuyaelewa. Tulianzia kata ya Mazwi, kisha tukahamishiwa vijiji vya kuelekea Muze. Miaka hiyo watu walikuwa wachache, na shamba liliachwa lipumzike. Nyasi zikirefuka, sisi Wafipa tulizifukia kwenye ntumba, yaani vilima vidogo vya udongo, zioze ziwe mbolea. Mgeni akiliona shamba hilo atasema ni pori.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Masanja. Familia za wafugaji kutoka kaskazini zilikuwa zimeanza kufika, naye akaingiza ng'ombe kwenye nyasi za Mama Oresta, mjane. Tulipofika, vijana wa kijiji walishasimama na fimbo. Walitaka Mzee Masanja ahame siku hiyohiyo na familia yake yote.

"Mayu, mama yangu, nisamehe," alisema Mzee Masanja. "Mimi niliona nyasi tu."

"Nyasi tu? Hayo ndiyo mahindi yangu ya mwakani, baba! Ng'ombe wako wameyala hata sijapanda!"

Bwana Shamba alilizunguka shamba. Kisha akamwambia Mzee Masanja, "Hamishia zizi lako hapa mpaka mvua zijazo. Walichokula watakirudisha kwa njia wanayoijua wao."

"Nilale na harufu hiyo?" aliuliza Mama Oresta.

"Harufu au njaa, mama. Chagua."

Akachagua harufu. Mwaka uliofuata alivuna, na Mzee Masanja hakufukuzwa. Majirani nao wakaanza kuomba samadi.

Sasa nimestaafu. Wapo wanaosema wageni ndio waliomaliza ardhi. Sina hakika. Wanangu wenyewe wameligawa shamba langu hadi hakuna pa kuacha nyasi, na wajukuu wa Mzee Masanja wamebanana vilevile. Mama Oresta hayupo tena; angekuwepo ningemuuliza kama tulifanya haki.

Juzi nilimkuta mjukuu wa Mama Oresta akilima kipande alichorithi. Pembeni vimebaki vilima vichache vya zamani, zile ntumba.

"Shikamoo babu. Eti haya ni makaburi? Naogopa kuyalima."

"Marahaba. Hapana, bibi yako alikuwa anapika udongo kwa nyasi."

Aliniangalia kwa huruma, kama mzee aliyeanza kupotewa na akili, kisha akaweka jembe chini, vilima asiviguse.